Nomino bila Vitenzi: Tahakiki ya Lugha ya Uchunguzi katika Biolojia ya Mwanzo

Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, lilianza mwaka 1974 kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kutokana na kazi hizo na nyinginezo tumepata usanisinuru, mmeng'enyo, umbijani na maneno mengine mengi ambayo babu zetu hawakuyahitaji. Tahakiki hii haikusudii kuyapima maneno hayo moja moja, jambo ambalo limefanywa mara nyingi, na wakati mwingine kwa ukali usio na sababu. Inakusudia kuonyesha kwamba kazi ya istilahi, kwa jinsi ilivyofanywa, imekuwa kazi ya nomino. Na kwamba mwanafunzi anayeanza biolojia hukwama, si kwenye nomino, bali kwenye vitenzi anavyovitumia kueleza alichokiona, alichokidhania na alichokithibitisha.

Mfano wangu mkuu unatoka Kiminini, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, katika Kaunti ya Trans Nzoia, karibu na mpaka wa Bungoma. Ni nchi ya mahindi. Ni nchi pia ya watu waliotoka sehemu nyingi, Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Waturkana na wengineo, hata Kiswahili ndicho kinachounganisha soko, kituo cha matatu na, kwa siri kidogo, darasa. Nasema kwa siri kwa sababu nchini Kenya biolojia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kilifanywa somo la lazima mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na kikawa lugha rasmi ya Jamhuri kwa Katiba ya mwaka 2010. Mwalimu hutoa maelezo kwa Kiingereza. Wanafunzi wakiachwa peke yao mezani na vyombo vyao, huzungumza Kiswahili. Uchunguzi wenyewe, basi, hufanyika kwa Kiswahili, na ripoti yake huandikwa kwa Kiingereza.

Miaka michache iliyopita, alasiri ya Jumatatu moja ya mwezi Julai, niliketi nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza katika shule moja ya huko kwa idhini ya mwalimu wa biolojia. Wanafunzi walikuwa wakipima wanga katika majani ya maharagwe. Jani huchemshwa katika maji, kisha katika spiriti iliyopashwa moto ndani ya maji ya moto hadi rangi ya kijani iishe. Halafu husuuzwa, ndipo linapodondoshewa iodini. Penye wanga huonekana rangi ya buluu iliyokaribia weusi; pasipo na wanga iodini hubaki na rangi yake ya kahawia. Mvulana mmoja aliyekuwa karibu nami alidondosha iodini, akangoja, akadondosha tena. Jani lilibaki kahawia. Akainua mkono: "Mwalimu, yangu imekataa." Mwalimu, ambaye alikuwa na wanafunzi wengi wa kuwaangalia, alimwambia atazame ya mwenzake. Akatazama, akaandika kwa Kiingereza safi kwamba jani liligeuka buluu-nyeusi na kwamba wanga ulikuwapo. Alipewa alama zake zote.

Baada ya kipindi niliuliza majani yalichumwa wapi. Mengi yalichumwa adhuhuri katika bustani ya shule, na jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, jambo la neema katika mwezi wa Julai. Hayakutosha, ndipo mvulana huyu akachuma lake kwenye mche uliopandwa katika kopo, ambalo lilikuwa limefungiwa ndani ya ghala la vyombo tangu Ijumaa. Mmea uliokaa gizani siku tatu hutumia na kuhamisha wanga uliomo katika majani yake. Kwa hiyo jani lile ndilo lililodokeza jambo kubwa kuliko majani yote ya darasa siku ile, nalo likatupwa kwenye ndoo.

Sina nia ya kumlaumu mwalimu wala mwanafunzi. Nataka tulitazame neno imekataa. Katika Kiswahili cha bara neno hili hutumika kwa kila chombo kisichofanya kazi iliyotarajiwa: gari, kalamu, simu, kufuli. Kisemwapo kimekataa, chombo hakina tena la kutuambia; dawa yake ni kutengenezwa au kubadilishwa. Mvulana wetu alilihesabu jaribio kuwa chombo cha aina hiyo. Alikuwa amekwisha kuambiwa jibu, na kazi ya jani ilikuwa kulitoa. Lakini kukataa kuna maana yake ya kwanza, ambayo ni kutoa jibu. Mzee akikataa posa, hakuna asemaye kwamba mzee ameharibika. Watu hurudi nyumbani wakajiuliza ni kwa nini amekataa. Neno lenyewe, basi, halina kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kulichukua neno la mwanafunzi na kumuuliza: limekataa nini?

Neno jaribio nalo lina sehemu yake katika kosa hili. Kujaribu ni kutenda jambo kwa kutaraji kufaulu, na shuleni jaribio ni pia mtihani mdogo ambao mtu hufuzu au hufeli. Si ajabu basi kusikia kwamba jaribio limeshindwa, ilhali katika sayansi jaribio lililoonyesha kwamba dhana si kweli limefanya kazi yake barabara. Sipendekezi neno jipya. Tuna maneno ya kutosha. Tunachohitaji ni sentensi zinazoyaweka mahali pake.

Istilahi yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayopewa kitalu au kundi ambalo halikutendewa kitu. Wengi huita kidhibiti, kwa kufuata neno la Kiingereza ambalo hubeba maana ya kutawala na kuzuia. Nimewauliza wanafunzi kadhaa wa mwaka wa kwanza chuoni, waliofaulu biolojia vizuri, kidhibiti kinadhibiti nini. Wapo walioniambia kuwa ni mmea uliowekwa ili kuzuia mingine isikue kupita kiasi. Tafsiri ya neno kwa neno imezaa elimu ya uongo. Kitalu cha kulinganishia ni jina refu zaidi, lakini mkulima yeyote wa Kiminini ataelewa kazi yake bila kuelezwa mara mbili.

Hapa sarufi yetu inaweza kusaidia kuliko istilahi. Kitalu cha kulinganishia kinajibu swali hili: kama tusingalitia mbolea, mahindi yangalikuwaje? Kwa kawaida swali la namna hiyo halina jibu, kwa kuwa wakati umepita na mbolea imekwisha tiwa. Mchunguzi hulijibu kwa hila ya halali: hupanda kitalu cha pili, mbegu ile ile, udongo ule ule, siku ile ile, asitie mbolea, kisha akakisoma kitalu hicho kama jibu la -ngali-. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizitenga -nge- na -ngali-, ya kwanza kwa jambo ambalo bado laweza kuwa, ya pili kwa jambo ambalo wakati wake umepita. Tunajua kwamba katika matumizi ya leo, hasa bara, tofauti hiyo imefifia, na -nge- imechukua kazi zote mbili. Wanaisimu tumelieleza badiliko hilo bila kulilaumu, na ndivyo ipasavyo. Hata hivyo mwalimu wa uchunguzi ana sababu njema ya kuitunza tofauti hiyo darasani, kwa kuwa ubashiri na ulinganishaji ni hatua mbili mbalimbali. "Tungetia mbolea, mahindi yangerefuka" ni sentensi ya kabla ya kupanda. "Tusingalitia, yasingalirefuka" ni sentensi ya baada ya kuvuna, na haina haki ya kusemwa na mtu ambaye hakupanda kitalu cha pili.

Watu wa Trans Nzoia hawana haja ya kwenda mbali kuona kazi hii. Katika kituo cha utafiti cha Kitale, uzalishaji wa mbegu za mahindi ulianza katika miaka ya 1950 chini ya Michael Harrison. Mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II ilivushwa na mahindi yaliyotoka Amerika ya Kusini, Ecuador 573, na mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima mbegu ya H611. Katika majaribio chotara hilo lilizidi mzazi wake wa Kitale kwa kadiri ya asilimia 40. Tarakimu hiyo isingekuwa na maana yoyote kama mzazi hangalipandwa kando ya mtoto, katika shamba moja, msimu mmoja. Wajukuu wa wakulima wale wanakariri leo maana ya chotara kwa Kiingereza, nao wanalala nyumbani ambako gunia la mbegu chotara limeegemea ukuta. Sijui kitabu cha kiada kingetaka mfano gani ulio karibu zaidi ya huo.

Nomino nazo zisidhaniwe kuwa hazina uzito. Mwaka 2017 mashamba ya magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia yakiwamo, yaliingiliwa na kiwavi mgeni, Spodoptera frugiperda, aliyekuwa ameonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Watu walimwita kiwavijeshi. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe: Spodoptera exempta, kiwavi wa zamani, ambaye huzuka kwa wingi katika misimu fulani, hutembea kwa makundi na kula nyasi na nafaka waziwazi, kisha hutoweka. Ndiyo sababu ya neno jeshi. Mgeni ana tabia nyingine. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, huacha kinyesi kama unga wa mbao, na hukaa msimu hadi msimu. Aliyeitegemea maana ya jina angengoja kuona jeshi likitambaa, na kama angepulizia dawa juu ya majani kiwavi akiwa amekwisha kuzama ndani, dawa ingemfikia kwa shida. Tanzania neno vamizi liliongezwa, tukapata viwavijeshi vamizi, na nyongeza hiyo yafaa. Lakini kilichomtofautisha mgeni na mwenyeji hakikuwa kivumishi. Ni mtu aliyemgeuza kiwavi, akaona alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia, akasema: huyu siye yule. Somo la uainishaji, ambalo wanafunzi huliona kuwa orodha kavu ya majina ya Kilatini, lina asili yake katika sentensi hiyo fupi.

Nije sasa kwenye nadharia tete, neno ambalo vyuo vikuu vyetu vimelikubali na ambalo nimelitumia mwenyewe katika tasnifu na mapendekezo ya utafiti bila kulifikiri. Kwa mkulima tete ni punje ambayo imeanza kuumbika lakini bado haijakomaa. Kwa mwandishi wa magazeti, hali tete ni hali inayoweza kuvunjika wakati wowote. Maana hizi mbili zinatupeleka njia mbili zinazopingana. Tukiifuata ya kwanza, nadharia tete ni nadharia changa: ipewe muda na jua, itakomaa iwe nadharia, na ikizidi kukomaa itakuwa sheria. Hili ni kosa linalojulikana kwa walimu wa sayansi duniani kote, na neno letu linalirutubisha. Dhana ya kwamba jani la maharagwe halitakuwa na wanga likikaa gizani haitakomaa kamwe kuwa nadharia ya usanisinuru. Ni dai dogo juu ya jambo moja. Tukiifuata maana ya pili, nadharia tete ni dai lililoundwa makusudi ili liweze kuvunjika, nasi tunalipiga kuona kama litavunjika. Maana hii ndiyo sahihi. Istilahi, basi, ni nzuri kwa maana moja na mbaya kwa nyingine, na kamusi haiwezi kutuokoa hapo. Ataokoa mwalimu anayedai kwamba kila nadharia tete iandikwe pamoja na sentensi ya pili: "Nitakubali kwamba nimekosea nikiona…" Mwanafunzi asiyeweza kuimaliza sentensi hiyo hajaunda nadharia tete, hata kama ameandika neno lenyewe kwa herufi kubwa.

Njeo za vitenzi zina uzito kuliko hayo yote, nami nashangaa kwamba sisi walimu wa lugha hatujawaeleza wenzetu wa sayansi jambo hili. Tazama sentensi tatu: jani liligeuka buluu, jani limegeuka buluu, jani hugeuka buluu. Ya kwanza ni ya shahidi: ilitokea, siku fulani, mbele ya mtu fulani. Ya pili inaonyesha hali iliyopo sasa mezani, na kila aliye chumbani aweza kuja kuitazama. Ya tatu ni kanuni. Imeacha jani hili na kuyasemea majani yote, hata yale ambayo hayajachipuka bado. Safari yote ya uchunguzi, kutoka tukio hadi kanuni, imo kati ya -li- na hu-, na mwanafunzi huiruka kwa kubadili silabi moja bila kujua kwamba ameruka. Kiingereza nacho kina tofauti ya namna hiyo, sidai kwamba Kiswahili kimependelewa. Nadai tu kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili mezani huisikia tofauti hii kwa sikio lake mwenyewe, ilhali ile ya Kiingereza huisahihishwa kwa wino mwekundu kama kosa la sarufi. Kati ya -li- na hu- pana ngazi nyingine: huenda, yamkini, yaelekea, aghalabu. Hizo ndizo ngazi za tahadhari. Mimi mwenyewe, nilipoeleza habari ya kopo la ghalani, niliandika kwamba mmea uliokaa gizani hutumia na kuhamisha wanga wake. Ile hu- niliiazima kwa watu waliopima majani mengi kabla yangu. Kwa jani moja la mvulana mmoja nisingekuwa na haki nayo.

Kauli ya kutendeka nayo yataka uangalifu. "Mahindi yamekauka" ni sentensi kamili ya Kiswahili ambayo haimtaji mkaushaji. Kwa mtazamaji ni fadhila, kwa kuwa humruhusu kusema alichoona bila kubuni sababu. "Mahindi yamekaushwa na ugonjwa" tayari ni dai. Ripoti nyingi nilizozisoma huko zinaanza na dai na kuita dai hilo utazamaji.

Kuna pingamizi mbili ambazo yafaa zijibiwe. Ya kwanza yasema kwamba maadamu mtihani ni wa Kiingereza, yote haya ni anasa. Nimekwisha kueleza kwamba majadiliano mezani yanaendeshwa kwa Kiswahili tupende tusipende. Swali ni kama yataendeshwa kwa uangalifu. Ya pili ni nzito zaidi, nayo niliisikia mara nyingi nilipokuwa ng'ambo kwa shahada ya pili: kwamba istilahi ndiyo msingi, na pasipo majina ya vitu hapana la kutendwa kwa vitenzi. Kuna ukweli ndani yake. Upumuaji, kwa mfano, unatuletea taabu kila siku kwa kuwa neno moja linabeba kazi ya mapafu na kazi inayofanyika ndani ya kila seli. Mwanafunzi huuliza kwa haki kabisa mbegu ya maharagwe inapumua kwa pua ipi. Wapo wanaosema upumuaji wa seli, nami nawaunga mkono. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa chupa mbili za chai, moja ina mbegu zinazochipua na nyingine ina mbegu zilizochemshwa zikafa, na kipimajoto katika kila moja, ataona joto likipanda katika ile ya kwanza. Atakuwa na jambo la kusema kabla ya kuwa na jina la jambo hilo. Tanzania, ambako sayansi ya shule za msingi imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, walimu wengi wanaweza kushuhudia kwamba neno gumu lililotanguliwa na tukio hukaa, na lililotangulia tukio hukaririwa.

Nilimpelekea mwalimu wa Kiminini rasimu ya mawazo haya, naye alinijibu kwa barua ambayo ina hekima kuliko rasimu yangu. Alikubali kuhusu imekataa. Alisema amejaribu kuwataka wanafunzi waandike kwanza mistari mitatu kwa Kiswahili, mmoja wa -li-, mmoja wa huenda, na mmoja wa "nitakubali kwamba nimekosea nikiona", kisha ndipo waandike ripoti ya Kiingereza. Mistari ya -li- ilikuwa mizuri. Ya huenda ilichukua muda, kwa kuwa wanafunzi walidhani kusema huenda ni kukiri kwamba hukusoma. Ya tatu wengi waliiacha wazi. Kisha akanikumbusha kwamba kipindi ni dakika 40, kwamba spiriti huchukua sehemu kubwa ya muda huo kupata moto, na akauliza ni katika dakika zipi mimi ningeyaweka hayo yote. Nimemwandikia kupendekeza kwamba jaribio ligawanywe mara mbili: siku ya kwanza mche mmoja ufungiwe ghalani kwa makusudi na mistari ya Kiswahili iandikwe, siku ya tatu majani yachemshwe. Amesema ataanza na darasa moja muhula ujao, na darasa la pili atalifundisha kama zamani, ili alinganishe.